Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Tathmini ya Namna Watoa Huduma za Umeme Wanavyokabiliana na Dhoruba

Dhoruba ikishapita na taa zikawaka tena, watu wengi hutamani kuyasahau yaliyopita na kurudi kwenye shughuli zao. Huo ndio wakati ambao tathmini inapaswa kuanza, maana kumbukumbu bado ni mbichi na vipande vya nguzo bado vipo barabarani. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya wateja, viongozi wa mitaa, waandishi wa habari na yeyote anayetaka kuisoma ripoti ya kukatika kwa umeme bila kupotezwa na takwimu zake.

Tathmini ya namna hii huchunguza nini hasa?

Huchunguza mambo yaliyokuwa mikononi mwa mtoa huduma kabla ya dhoruba, wakati wa dhoruba na baada yake: hali ya nguzo na nyaya, upogoaji wa miti kandokando ya njia za umeme, idadi ya mafundi waliokuwa tayari, akiba ya transfoma na nguzo ghalani, kasi ya kubaini uharibifu, utaratibu wa kurejesha umeme, na ukweli wa taarifa walizopewa wateja. Ukali wa upepo nao hupimwa, kwa sababu bila kuujua haiwezekani kusema mtandao ulipaswa kustahimili kiasi gani.

Msomaji anayetaka kujua kama ripoti iliyo mbele yake ni tathmini ya kweli au ni barua ya kujitetea na aangalie jambo moja: je, inaeleza yaliyompata mteja wa mwisho kurejeshewa umeme, au inaishia kwenye asilimia ya waliorejeshewa siku ya kwanza? Kwa maoni yangu, ripoti isiyomfikia mteja huyo wa mwisho haijakamilika, hata iwe na kurasa mia mbili.

Nguzo imeangushwa na upepo. Kwa nini alaumiwe mtoa huduma?

Mara nyingi nguzo yenyewe ndiyo inayojibu. Nguzo ya mti iliyokuwa nzima, ikizidiwa na upepo au ikiangukiwa na mti, huvunjika kwa vibanzi virefu vilivyochongoka, na mbao yake ya ndani huwa ngumu na yenye rangi ya kawaida. Nguzo iliyooza huvunjika mkato mfupi, aghalabu karibu na usawa wa ardhi ambako unyevu na hewa hukutana, na ukiiminya mbao yake kwa vidole inamomonyoka kama unga wa kahawia. Mkaguzi anayefika siku tatu baadaye hukuta nguzo mpya imeshasimama na ile ya zamani imeshapakiwa kwenye lori; ushahidi umekwenda nayo. Kwa hiyo mdhibiti makini, yaani mamlaka ya serikali inayosimamia watoa huduma, huagiza mapema, kabla ya msimu wa dhoruba, kwamba kila nguzo iliyovunjika ipigwe picha mahali ilipoangukia, mkato wake na namba yake vionekane, kisha namba hiyo ilinganishwe na kumbukumbu za ukaguzi. Ilikaguliwa lini mara ya mwisho? Je, ilikuwa imeshawekewa alama ya kubadilishwa?

Yapo pia mazingira ambayo upepo wenyewe si wa kawaida. Dhoruba Arwen iliyopiga Scotland na kaskazini mwa Uingereza tarehe 26 Novemba 2021 ilikuja na upepo kutoka upande wa kaskazini, ilhali miti ya huko imekua na mizizi yake ikijizatiti dhidi ya upepo wa kusini-magharibi. Miti ikang'oka kwa wingi na zaidi ya wateja milioni moja wakakosa umeme. Hata hivyo mdhibiti wa nishati, Ofgem, hakuishia hapo. Uchunguzi wake uliotolewa mwaka 2022 ulionesha kwamba karibu nyumba 4,000 zilikaa gizani zaidi ya wiki moja, na kwamba baadhi ya wateja walipewa taarifa hafifu na kusubirishwa kupita kiasi. Mwelekeo wa upepo haukuwa kosa la mtu; simu isiyopokelewa ilikuwa kosa la mtu.

Mfano mwingine ni wa Australia Kusini, tarehe 28 Septemba 2016, siku ambayo upepo mkali uliangusha minara ya msongo mkubwa na jimbo zima, lenye wateja wapatao 850,000, likazimika. Uchunguzi wa mwendeshaji wa soko la umeme ulibaini kwamba mashamba kadhaa ya mitambo ya upepo yalipunguza uzalishaji ghafla kwa sababu ya mpangilio wa kinga uliowekwa ndani ya mitambo hiyo, mpangilio ambao mwendeshaji hakuwa akiufahamu. Minara iliangushwa na hali ya hewa, lakini kilichofanya hitilafu ya eneo moja igeuke giza la jimbo zima kilikuwa kimepangwa na binadamu, na binadamu wangeweza kukirekebisha, kama walivyofanya baadaye.

Muda wa kukosa umeme huanza kuhesabiwa lini?

Hapa ndipo penye ubishi mwingi kuliko mahali pengine, na inafaa kupachunguza taratibu. Mteja huhesabu kuanzia taa ilipozima. Mtoa huduma, mahali ambapo hakuna mita zinazotuma taarifa zenyewe, huhesabu kuanzia simu ya kwanza ilipoingia. Iwapo umeme ulikatika saa 8 usiku watu wakiwa wamelala, na simu ya kwanza ikaingia saa 12 asubuhi, kumbukumbu za mtoa huduma zitakuwa na upungufu wa saa nne kwa kila nyumba iliyo kwenye njia hiyo.

Mwisho wa hesabu nao una matatizo yake. Chukulia kwamba njia kuu imetengenezwa na kuwashwa, na katika daftari la matukio pameandikwa kwamba kazi imekamilika saa 10:05 jioni. Saa 10:20 mkazi wa nyumba iliyo kwenye njia hiyo hiyo anapiga simu kusema kwamba bado yuko gizani, kwa kuwa waya unaotoka kwenye nguzo kwenda nyumbani kwake ulikatwa na tawi. Simu yake inaandikwa kama tukio jipya. Akirejeshewa umeme siku mbili baadaye, takwimu zitaonesha kwamba alipata matatizo mawili, la pili likiwa limeanza saa 10:20, ilhali yeye hajaona taa tangu usiku wa dhoruba. Mtathmini anapaswa kuyaunganisha matukio ya namna hii kwa kufuata namba ya mteja badala ya namba ya tukio. Ni kazi ya kuchosha, lakini bila kuifanya, wale walioteseka zaidi ndio hufutika kwanza kwenye takwimu.

Baada ya hapo muda wote ugawanywe vipande: kutoka kuzimika hadi taarifa kufika, kutoka taarifa hadi fundi kutumwa, kutoka kutumwa hadi uharibifu kubainishwa, kutoka hapo hadi ukarabati kuanza, na hatimaye hadi umeme kuwashwa. Ni haki kutenganisha muda ambao kazi haikuwezekana kwa usalama, kwani mafundi hawapandishwi juu kwa gari la kunyanyulia wakati upepo unavuma kwa nguvu. Muda huo uoneshwe peke yake, ukiwa na kumbukumbu za kasi ya upepo za eneo husika, ili usije ukapanuliwa ukameza uzembe wa siku iliyofuata.

Kwa nini jirani yangu amerejeshewa umeme na mimi bado?

Kwa kawaida urejeshaji huanza na njia za msongo mkubwa na vituo vya kupozea umeme, ukafuata njia za msongo wa kati zinazolisha mitaa mingi, kisha matawi yake, transfoma za mtaa, na mwishoni waya wa nyumba moja moja. Hospitali, mitambo ya maji na vituo vya zimamoto hupewa kipaumbele. Nyumba mbili zinazotazamana zinaweza kulishwa na transfoma tofauti, au kuwa kwenye fezi tofauti za transfoma moja. Utaratibu huu una mantiki, na haupaswi kuchukuliwa kuwa upendeleo pale ambapo ushahidi mwingine haupo. Linalopaswa kuulizwa ni kama utaratibu huo ulikuwa umeandikwa na kutangazwa mapema, na kama ulifuatwa.

SAIDI, SAIFI na CAIDI ni nini?

Ni vipimo vitatu vinavyotumiwa na wadhibiti wa nchi nyingi. SAIDI ni wastani wa muda ambao mteja mmoja alikosa umeme katika kipindi fulani. SAIFI ni wastani wa idadi ya mara alizokatikiwa. Na CAIDI ni wastani wa muda wa kurejesha umeme kila unapokatika, yaani SAIDI ikigawanywa kwa SAIFI.

Je, wastani huo unatosha kupima mwitikio wa dhoruba?

Hautoshi. Tuseme wateja 10,000 wamekosa umeme. Kati yao 9,500 wanarejeshewa baada ya saa 6, na 500 waliobaki baada ya saa 120. Wastani ni saa 11.7, na ukitajwa mbele ya waandishi wa habari unasikika kuwa si mbaya. Lakini hakuna hata mteja mmoja aliyekaa saa 11.7 bila umeme. Wengi walikaa muda mfupi sana kuliko huo, na 500 walikaa siku tano nzima, chakula kikaoza na maji ya pampu yakakauka. Ripoti nzuri huonesha mgawanyo wote: ni wangapi walirejeshewa ndani ya saa 6, 12, 24, 48, na wangapi walivuka hapo, na waliovuka wanaishi wapi. Sehemu hiyo ya mwisho ina uzito wa pekee. Ikiwa dhoruba baada ya dhoruba wanaosubiri mwisho ni watu wa vijiji vile vile au wa pembezoni mwa mji ule ule, basi tatizo limehama kutoka kwenye hali ya hewa na kuingia kwenye mipango na uwekezaji.

Nimesikia kwamba siku za dhoruba huondolewa kwenye takwimu. Ni kweli?

Mara nyingi ni kweli, na upo msingi wa kitaalamu. Kiwango cha IEEE 1366, kilichotungwa na taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, kinatoa njia ya kutambua siku zisizo za kawaida: huchukuliwa takwimu za SAIDI za kila siku kwa miaka 5, hukokotolewa kizingiti, na siku inayovuka kizingiti hicho huchambuliwa peke yake ili isiharibu picha ya utendaji wa kila siku. Nia yake ni njema, kwani dhoruba moja kubwa inaweza kuficha maboresho ya mwaka mzima. Tatizo huja pale ambapo siku hizo, baada ya kuondolewa, hazichambuliwi popote. Kiwango chenyewe hakisemi kwamba zitupwe. Mdhibiti adai takwimu za aina zote mbili, zenye siku hizo na zisizo nazo, zichapishwe ukurasa mmoja.

Mbona makadirio ya muda wa umeme kurejea hubadilika kila mara?

Saa za mwanzo makadirio huwa ni kisio tu, kwa sababu uharibifu bado haujatembelewa. Kubadilika kwake si kosa. Kosa ni kutangaza saa mahususi bila msingi, kisha kuiahirisha mara tatu, nne, huku mtu akipanga maisha yake kwa kuitegemea: aliyeambiwa umeme utarejea jioni hawezi kumhamisha mgonjwa wala kutafuta barafu ya kuhifadhi dawa. Kimbunga Faxai kilipopiga mkoa wa Chiba nchini Japani mwezi Septemba 2019, zaidi ya kaya 900,000 zilikosa umeme, tarehe za kurejesha zikaahirishwa mara kadhaa, na baadhi ya kaya zikakaa gizani zaidi ya wiki mbili. Uharibifu uliokuwa umejificha kwenye misitu na milima haukuwa umehesabiwa.

Kukosa taarifa kabisa ni kubaya zaidi. Kimbunga Beryl kilipofika Houston nchini Marekani tarehe 8 Julai 2024, wateja zaidi ya milioni 2 walikosa umeme, na ramani ya mtandaoni ya kuonesha maeneo yaliyozimika haikuwa ikifanya kazi tangu dhoruba ya mwezi Mei. Wakazi wakageukia programu ya simu ya mikahawa ya Whataburger, wakiangalia ni matawi gani yamefungwa ili wakisie mitaa gani haina umeme. Watu walikuwa wakihitaji taarifa kwa kiasi hicho.

Mtathmini alinganishe makadirio ya kwanza na saa halisi ya kurejea kwa kila eneo, ahesabu ni mara ngapi yalibadilishwa, na aangalie kama mabadiliko yalitangazwa kabla ya muda wa awali kupita au baada yake. Jibu la ukweli, kama vile "bado hatujafika eneo lako, tutakupa makadirio kesho saa 6 mchana", linastahili alama nzuri kuliko saa ya kubuni.

Mafundi wa ziada wanapaswa kuombwa lini?

Kabla ya dhoruba kufika, pale utabiri unaporuhusu. Makubaliano ya kusaidiana kati ya mashirika ya umeme hutungwa wakati wa utulivu, yakieleza nani atalipa, mafundi watalala wapi, na kama vifaa vyao vinalingana na msongo wa mtandao wa mwenyeji. Kimbunga Maria kilipiga kisiwa cha Puerto Rico, kilicho chini ya Marekani, tarehe 20 Septemba 2017 na kuizima gridi nzima. Shirika la umeme la kisiwa halikuharakisha kuomba msaada wa mashirika mengine ya umma kwa utaratibu uliozoeleka, likaingia mkataba wa dola milioni 300 na kampuni ndogo iliyokuwa na wafanyakazi wawili tu wa kudumu wakati kimbunga kinapiga. Mkataba huo ulifutwa mwezi uliofuata kutokana na malalamiko ya umma. Wateja wa mwisho walirejeshewa umeme takriban miezi 11 baada ya kimbunga.

Wagonjwa wanaotegemea umeme hushughulikiwaje?

Mtoa huduma anapaswa kuwa na orodha ya nyumba zenye mashine za oksijeni, za kusafisha figo au dawa zinazohitaji ubaridi, iliyotengenezwa kwa ridhaa ya wahusika na kuhakikiwa kila mwaka. Tathmini iulize walipigiwa simu wangapi, saa ngapi, na nini kilifanyika kwa wasiopokea. Kwani simu ya mtu ambaye hana umeme huenda imeshaisha chaji, na kutopokea kwake ni dalili ya hatari inayomtaka mtu aende mlangoni. Serikali ya Puerto Rico ilikubali mwaka 2018 makadirio ya vifo 2,975 vilivyohusishwa na Maria, na vingi vilitokea wiki na miezi baada ya upepo kutulia, wakati huduma za msingi, umeme ukiwemo, zikiwa bado hazijarejea. Nisingependa kuona ripoti yoyote ya kukatika kwa umeme inayohesabu nguzo na transfoma lakini haihesabu watu.

Je, fidia hubadilisha tabia ya watoa huduma?

Hubadilisha iwapo inalipwa bila mteja kuiomba na inaongezeka kadiri saa zinavyoongezeka. Sweden ilijifunza hilo baada ya dhoruba Gudrun ya Januari 2005, iliyoangusha misitu mikubwa na kuzima umeme kwa wateja mamia ya maelfu. Sheria ikabadilishwa: mteja anayekosa umeme kwa saa 12 au zaidi hulipwa fidia, na tangu mwaka 2011 kukatika kwa zaidi ya saa 24 kunahesabiwa kuwa ni kushindwa kutimiza wajibu, isipokuwa pale ambapo sababu iko nje kabisa ya uwezo wa kampuni. Kampuni zilipopiga hesabu, nyingi ziliona ni nafuu kufukia nyaya chini ya ardhi kuliko kuendelea kulipa. Fidia inayodai fomu, risiti na safari tatu ofisini haina nguvu hiyo, kwa kuwa wengi hukata tamaa njiani.

Basi kwa nini nyaya zote zisifukiwe?

Gharama yake ni kubwa mara kadhaa kuliko ya nyaya za juu, hitilafu yake huchukua muda zaidi kuitafuta na kuichimbua, na mahali penye mafuriko inaweza kuleta shida mpya. Hufaa zaidi kwenye misitu na mitaa yenye miti mingi. Kwingineko, kupogoa matawi kwa ratiba, kubadilisha nguzo chakavu na kuweka swichi zinazotenganisha kipande kibovu huleta nafuu kubwa kwa fedha kidogo. Na ikumbukwe kwamba udhaifu hauko kwenye nyaya peke yake: Januari 2022 mafuriko ya dhoruba Ana yaliharibu bwawa la Kapichira nchini Malawi, kituo chenye uwezo wa takriban megawati 130, na nchi ikapoteza sehemu kubwa ya umeme wake kwa zaidi ya mwaka.

Nani anafaa kufanya tathmini?

Mtu asiyelipwa na anayetathminiwa. Ripoti ya ndani ya kampuni ina manufaa yake, lakini haiwezi kusimama peke yake. Baada ya mvua ya barafu iliyoharibu mtandao wa jimbo la Quebec nchini Kanada mwezi Januari 1998 na kuwaacha mamilioni ya watu gizani kwenye baridi kali, iliundwa tume ya uchunguzi chini ya mhandisi Roger Nicolet, nayo ikatazama gridi pamoja na mpangilio mzima wa usalama wa raia. Tume au mdhibiti awe na mamlaka ya kudai kumbukumbu ghafi: daftari la matukio, rekodi za simu, ratiba za mafundi na ripoti za ukaguzi wa miaka iliyotangulia.

Mteja wa kawaida anawezaje kutoa ushahidi wenye uzito?

Aandike tarehe na saa umeme ulipozima na uliporejea, saa alizopiga simu na namba ya taarifa aliyopewa, na maneno aliyoambiwa. Apige picha ya nguzo au mti ulioanguka akiwa mbali, bila kuukaribia waya wowote hata kama unaonekana umekufa, na amwachie fundi kazi hiyo. Majirani wanaotoa maelezo yanayolingana kwa saa husikilizwa kuliko mmoja mwenye hasira, japo hasira yake ni ya haki.

Ripoti ikishatoka, nini kifuate?

Kila pendekezo liwe na ofisi inayowajibika, tarehe ya mwisho na fedha zilizotengwa. Maneno kama "kuimarisha mawasiliano" au "kuboresha matengenezo" hayapimiki na yasikubaliwe. Iandikwe idadi ya kilomita za njia zitakazopogolewa, idadi ya laini za simu zitakazoongezwa, na orodha ya nguzo zitakazobadilishwa kwa namba zake. Kabla ya msimu wa dhoruba unaofuata, mdhibiti arudi na orodha hiyo mkononi, apite njia kwa njia, na atangaze hadharani ni nguzo ngapi kati ya zile zilizowekewa alama bado zimesimama.